Daftari, WhatsApp au jedwali: hesabu za dagaa uziweke wapi?

Fika mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, alfajiri, mitumbwi ikiwa imerudi na dagaa kwenye ndoo bado wanang'aa. Utamkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kaunta buku mapajani, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye jalada isije ikapotea mchangani. Hatua chache kutoka hapo kijana amesogeza simu mdomoni, anamtumia ujumbe wa sauti tajiri wake aliyeko Tabora: "Bosi, nimepata ndoo nane. Tano taslimu, tatu mali kauli." Na siku hizi, mara mojamoja, utaona mtu amejitenga kivulini, anaingiza namba kwenye vijisanduku vya Google Sheets kwa kidole kimoja, kila baada ya mstari anapangusa kioo kwa upindo wa kanga.

Wote watatu wana kazi moja: kuandika nani kachukua nini na nani anadaiwa nini. Njia ipi inafaa, hilo nimeulizwa sana na akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mwanga, hasa wale ambao watoto wao wamewanunulia simu janja na sasa wanaambiwa daftari limepitwa na wakati. Nimetumia njia zote tatu, kwa mzigo wangu na kwa mzigo wa mama mkubwa wangu, ambaye ameanza kuuza dagaa kabla sijazaliwa. Nitazipima zote kwa vipimo vilevile, kisha kila mtu aangalie biashara yake imekaaje.

Vipimo ninavyotumia

Cha kwanza ni kupotea. Daftari hupotea, simu hupotea, na akaunti ya mtandaoni nayo hupotea. Ninachouliza ni kama utapata onyo kabla na kama kuna kitu utaokoa baadaye. Cha pili ni kujumlisha: je, jioni utajua umepata faida au umezunguka bure? Cha nne, maana cha tatu nakiacha kwa makusudi, ni gharama, na hapo nahesabu pesa, bando, chaji, muda na hali ya mikono yako. Cha tano ni mtu mwingine: ukiugua wiki mbili, mwanao anaweza kufungua hesabu zako akazielewa?

Sasa cha tatu, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote: hesabu hizo zikifunguliwa mbele ya mdaiwa, atazikubali?

Asiyeijua biashara yetu hudhani hesabu ni siri ya mwenye mali. Lakini mzigo mwingi hapa hutoka kwa mali kauli. Mtu anachukua leo kwa neno la mdomo, analipa akishauza. Hata siku ya kulipa haisemwi kwa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikichomoza wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo mtu hukwambia, "Nitakulipa giza likiingia," na nyote wawili mnaelewa ni lini. Deni la namna hiyo lina wenyewe wawili. Likiandikwa na mmoja tu, mahali ambapo mwenzake hapaoni, siku ya ubishi mnaanza upya kana kwamba hakuna kilichoandikwa.

Daftari

*Mbele ya mdaiwa.* Naanza na hapa kwa sababu hapa ndipo daftari lina nguvu zake. Mama mkubwa wangu ana utaratibu ambao sijamwona akiuvunja hata siku moja. Mtu akichukua mzigo, kalamu anaishika yeye mchukuaji. Anaandika jina, idadi na kiasi kwa mkono wake mwenyewe. Asiyejua kuandika anaweka alama yake, na mtu wa tatu aliyekuwepo anaandikwa pembeni. Akilipa nusu, anakata mstari mmoja juu ya deni. Akimaliza, anakata wa pili. Mama mkubwa hashiki kalamu katika hatua yoyote kati ya hizo. Yeye anahesabu pesa.

Thamani ya jambo hili niliiona mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katika makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu dagaa hawakuvuliwa, na madeni ya mwezi wa nne na wa tano yakalala. Ziwa lilipofunguliwa, nilimsindikiza mama mkubwa kuyafuatilia, kutoka Ujiji hadi Kibirizi. Hakumwambia mtu hata mmoja "unadaiwa" wala "nakudai". Alikuwa anasalimia, anaulizia watoto, kisha anafungua ukurasa na kuuweka katikati. Mzee mmoja alivaa miwani, akaupitia kwa kidole mpaka akafika kwenye mstari wake. "Ni mkono wangu huu," alisema, akamwita mkewe alete pesa. Deni lilikuwa la miezi minne.

*Kupotea.* Nakala ni moja tu. Mvua ya masika, mafuta ya samaki yanayoifanya karatasi ionyeshe upande wa pili, panya, mtoto anayetafuta pa kuchora, vyote ni adui. Ila daftari hukuonya: jalada linalegea, kurasa zinaanza kutoka, unajua wakati wa kuhamisha umefika. Tumia kalamu ya biki maana wino wake hautiririki upesi ukipata maji, weka namba kwenye kila ukurasa ili ukichanwa ujulikane, na lifunge kwenye mfuko wa nailoni.

*Kujumlisha.* Hapa lazima tukubali udhaifu wake. Unajumlisha kwa kikokotoo, unahamisha jumla kwenda ukurasa wa pili, na uchovu wa jioni unageuza 186,000 kuwa 168,000. Kuna ujanja mmoja wa wahasibu wa zamani unaosaidia sana: jumla zako mbili zikipishana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, kuna uwezekano mkubwa umebadilisha nafasi za tarakimu mbili mahali fulani. Katika mfano huo tofauti ni 18,000, na 18,000 kugawa kwa 9 ni 2,000 kamili. Unajua cha kutafuta.

*Gharama.* Kaunta buku kubwa ni bei ndogo kuliko kilo ya dagaa wakavu. Halihitaji chaji, na linaandikika mikono ikiwa imelowa.

*Akisoma mwingine.* Inategemea mwandishi. Mama mkubwa alipolazwa, nilikuta ukurasa umejaa vifupisho ambavyo hata yeye ilibidi avifikirie. Jambo jingine ni kodi. Utaratibu wa kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo huwatofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo, na daftari lililonyooka, lenye tarehe na stakabadhi zake, ni kumbukumbu halali. Lisitupwe likijaa, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

*Linamfaa* anayeuza ana kwa ana kwa watu anaowafahamu, ambao madeni yao ni mengi na madogomadogo.

WhatsApp

Ni programu iliyoanza mwaka 2009 kama chombo cha kupashana habari, na hakuna aliyeitengeneza iwe kitabu cha hesabu. Sisi ndio tuliomo mpaka shingoni. Naheshimu sababu yake: mfanyabiashara tayari anayo, mteja tayari anayo, na hakuna wa kumfundisha.

*Kupotea.* Binamu yangu alikuwa anapeleka mzigo kwa boti kutoka Kibirizi. Madeni yake yote yalikuwa kwenye mazungumzo ya simu, mteja mmoja baada ya mwingine, na alikuwa anajua kila lilipo. Siku moja akiwa anapokea mfuko kutoka kwa kijana wa boti, simu ikateleza kutoka mfuko wa gauni, ikazama. Alirudisha laini yake siku ileile, akanunua simu nyingine baada ya wiki, akapakua WhatsApp, na ikafunguka tupu kama nyumba mpya.

Kilichomponza ni kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Kwenye simu za Android, mazungumzo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google, lakini lazima wewe mwenyewe uwashe uhifadhi huo. Ukishauwasha, kwa mpangilio wa kawaida husubiri Wi-Fi. Binamu yangu maisha yake yote anatumia bando. Kwa hiyo simu ilisubiri Wi-Fi ambayo haikuja, mwaka mzima. Kama unaweka madeni humo, acha kusoma kidogo, nenda kwenye mipangilio ya mazungumzo, angalia tarehe ya hifadhi ya mwisho, kisha ruhusu itumie data ya simu. Video uzitoe kwenye hifadhi, kwa sababu siku hizi inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, na video za harusi zitazimaliza zote.

Kuna mtego mwingine, ule wa ujumbe unaojifuta wenyewe ulioanza mwaka 2020. Katika mazungumzo ya watu wawili, yeyote kati yenu anaweza kuuwasha. Mteja akiuwasha leo kwa siku 7, ahadi atakayoiandika leo itakuwa imeondoka kabla giza halijaingia. Ukiona taarifa hiyo kwenye mazungumzo ya biashara, uzime, na mwambie mwenzako kwa upole kwa nini umeuzima.

*Kujumlisha.* Haijumlishi. Unapandisha na kushusha mazungumzo, unapita salamu, picha za misiba na maua ya asubuhi njema, ukitafuta ndoo tatu za Jumanne. Aliyeandika kwa maandishi anaweza kutafuta neno. Aliyetuma sauti itabidi asikilize moja moja. Kinachosaidia ni kuandika kila mzigo kwa mpangilio mmoja usiobadilika, mfano "DENI, ndoo 3, 90,000, giza lijalo", ili ukitafuta neno DENI yote yajipange. Unaweza pia kujitumia ujumbe wewe mwenyewe na kukusanya humo ya siku nzima.

*Mbele ya mdaiwa.* Kwa kipimo hiki WhatsApp inakaribia daftari, na kwa watu walio mbali inalipita. Nakala ziko mbili, yako na yake. Saa na tarehe vimejiandika. Sauti ni yake mwenyewe, anajisikia akisema "nimepokea ndoo tatu". Kwa mama asiyesoma, ujumbe wa sauti ni heshima kubwa, maana kwa mara ya kwanza anaweka kumbukumbu bila kumwomba mtoto wa mtu amwandikie. Kisheria nako si mchezo: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa namna hii kama ushahidi mahakamani. Kumbuka tu kwamba tangu 2023 ujumbe wa maandishi unaweza kurekebishwa ndani ya dakika 15, na ukirekebishwa huwekwa alama. Angalia alama hiyo kwenye namba.

Nina jambo la kuomba hapa. Tafadhali usidai mtu kwenye grupu. Nimeona mama mtu mzima akitajwa kwa jina na kiasi chake mbele ya watu zaidi ya mia, wakwe zake wakiwemo. Deni lile lilikuwa dogo, na hakulilipa kamwe, kwa sababu baada ya siku ile hakuona tena uso wa kufika nao kwa aliyemtangaza. Mtumie peke yake, au mpigie.

*Gharama.* Bando unalo tayari. Sauti ya sekunde kumi unaituma ukiwa unatembea, ndoo kichwani. Gharama ya kweli ni nafasi ya simu kujaa, na chaji kuisha saa ambayo mteja ndiyo kwanza anafika.

*Akisoma mwingine.* Vigumu. Mazungumzo yako ya biashara yamechanganyika na ya nyumbani, na si kila mtu anapenda mwanawe aingie humo.

*Inamfaa* anayetuma mizigo kwa watu asioonana nao, na yule ambaye sauti kwake ni rahisi kuliko kalamu.

Jedwali

Nasema jedwali nikimaanisha programu za hesabu zenye vijisanduku: Excel, Google Sheets na ndugu zao. Lilizaliwa kutokana na kero tunayoijua wote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanafunzi wa biashara huko Marekani, Dan Bricklin, alimwangalia mwalimu akijaza hesabu ubaoni. Namba moja ikikosewa, inabidi zifutwe zote zilizoitegemea na kuandikwa upya. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979, ambayo ukibadilisha namba moja nyingine zote hujirekebisha zenyewe. Excel ikafuata mwaka 1985, na Google Sheets, inayofunguka kwenye simu bila malipo, mwaka 2006.

*Kujumlisha.* Hakuna cha kulinganisha nalo. Tuseme umenunua mzigo kwa 600,000, usafiri 45,000, ushuru na vibarua 30,000, umeuza kwa 720,000. Kichwani wengi wetu tunasema faida 120,000. Jedwali litakuonyesha 45,000. Na kama katika ile 720,000 kuna 90,000 iliyokwenda kwa mali kauli, pesa uliyoshika ni 630,000, ilhali uliyotoa ni 675,000. Una faida kwenye karatasi, na mkononi umepungukiwa 45,000. Nilipomwonyesha dada mmoja wa kikundi hesabu ya mzigo wake kwa namna hii, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini kila mwezi anakopa mtaji wakati dagaa wake wanauzika.

Lakini kuna mitego inayowapata watu wetu hasa, nami imenipata. Tumezoea kuandika elfu arobaini na tano hivi: 45.000/=. Kwenye simu iliyopangwa kwa Kiingereza, jedwali huona nukta hiyo kama desimali na kusoma shilingi arobaini na tano. Ukiongeza na /= ndiyo kabisa, linaona maneno na haliliingizi kwenye jumla. Andika 45000 kavu. Halafu nusu ndoo: ukiandika 1/2, jedwali linaigeuza kuwa tarehe. Andika 0.5. Mtego wa tatu ni majina. Ukitaka jumla ya madeni ya mtu mmoja, Hawa, Hawwa na Mama Hawa kwa jedwali ni watu watatu. Daftari halina tatizo hilo kwa sababu anayelisoma anawajua watu.

*Kupotea.* Likiwa Google Sheets, linakaa kwenye akaunti, hivyo simu ikizama unafungua kwenye simu nyingine, na ukifuta safu kwa bahati mbaya unaweza kurudi kwenye historia yake ukachukua ya jana. Historia hiyo ni faida ambayo njia nyingine mbili hazina. Lakini nenosiri ukilisahau, na laini uliyosajilia akaunti huna tena, hapo umefungiwa nje ya biashara yako. Liandike nenosiri, liweke nyumbani. Faili la Excel lililo ndani ya simu tu, bila nakala, huzama pamoja na simu. Na mwaloni mtandao ukisumbua, Google Sheets itakubali kufunguka kama ulikuwa umeliruhusu jedwali hilo litumike bila mtandao. Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani.

*Mbele ya mdaiwa.* Hapa jedwali lilinivunja moyo. Mwaka wa kwanza nilipoliamini kupita kiasi, niliacha daftari nikawa naingiza madeni kwenye simu moja kwa moja. Nikaenda Mwandiga kwa mama mmoja anayechukua mzigo kwangu, nikamfungulia: jina lake, tarehe, ndoo nne, 120,000. Kila kitu kimepangwa, kimepakwa rangi. Aliangalia kwa adabu, akanirudishia simu. "Mwanangu, hii ni simu yako," akasema. "Mimi hapa nimeandika wapi?" Yeye alikuwa anakumbuka ndoo tatu. Sijui mpaka leo nani alikuwa sahihi. Tulikubaliana kwa tatu, nikarudi nyumbani nikanunua kaunta buku njiani.

*Gharama.* Programu ni bure na bando linalolika ni dogo. Kinachogharimu ni muda wa kujifunza, kioo kidogo chenye safu nyingi, na vidole vyenye mafuta ya samaki ambavyo simu haivielewi. Wengi huishia kuingiza usiku, na usiku umeme ukikatika au usingizi ukishinda, siku mbili zinarundikana, kisha wiki.

*Akisoma mwingine.* Likiwa na vichwa vya safu vinavyoeleweka, hili ndilo rahisi kwa mgeni. Tajiri aliye Tabora na wakala wake aliye hapa wanafungua jedwali lilelile, kila mmoja kwake. Anayeuza kwa franka za Burundi au za Kongo anaweka safu ya franka, safu ya bei ya kubadilishia siku ile, na safu ya shilingi inayojijaza. Daftari litafanya hivyo pia, ila kwa jasho.

*Linamfaa* mwenye mzigo mkubwa, gharama za aina nyingi, au mshirika aliye mbali.

Kwa hali yako

Kama unauza mwaloni au sokoni, na wadaiwa wako unakutana nao kila wiki, baki na daftari na uwape kalamu mkononi. Usione aibu mbele ya mwenye simu kubwa.

Kama unatuma mzigo kwa treni au basi na mpokeaji humwoni, fanya kila mzigo kuwa ujumbe mmoja wenye picha ya magunia, idadi na bei, na usiuhesabu umefika mpaka yeye ajibu kwa sauti au maandishi. Bei mliyokubaliana kwa simu irudie kwa maandishi dakika ileile.

Kama unapata pesa lakini mtaji unayeyuka, tatizo lako liko kwenye kujumlisha. Anza jedwali, hata kwa mzigo mmoja tu kwanza, na uingize kila kitu hadi mifuko na nauli ya pikipiki. Madeni yaache kwenye daftari. Vivyo hivyo kama unajiandaa kuomba mkopo: anayekukopesha atataka kuona miezi iliyopita imepangwa, na daftari liwe nyuma ya jedwali kama shahidi.

Kama kusoma ni kazi, tumia sauti na umchague mtu mmoja nyumbani wa kuzihamisha kwenye daftari kila jioni mkiwa wote wawili. Zikikaa mwezi mzima bila kuhamishwa, hakuna atakayepata muda wa kuzisikiliza.

Kama ni kikundi, daftari la kikundi likae kwenye sanduku lenye kufuli tatu pamoja na pesa, lisomwe kwa sauti kila mkutano. Jedwali linaweza kuwa kwa katibu ili kurahisisha mgao wa mwisho wa mwaka, lakini wanachama wamezoea kuona kitu kikitolewa na kurudishwa ndani ya sanduku mbele ya macho yao, na simu ya katibu huondoka na katibu.

Na kama unahama kutoka njia moja kwenda nyingine, usisubiri Januari. Hama wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na una muda. Usihamishe historia yote; chukua madeni ambayo hayajalipwa tu, uyapitie na kila mdaiwa, kisha endesha njia zote mbili mpaka mbalamwezi ijayo kabla ya kuacha ya zamani.

Mama mkubwa nimemshawishi kwa jambo moja tu kati ya yote haya. Jumamosi jioni nafika kwake, tunatoa meza nje penye mwanga, napiga picha kurasa za wiki nzima na kuziweka kwenye akaunti yangu. Yeye ananishikia pembe za karatasi zisipeperuke na upepo wa ziwa. Nikimaliza ananiuliza, kila wiki, kama nimepiga na ukurasa wa nyuma, ule wa waliokwishakata mistari miwili.